Swali la Mfagiaji

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na cherehani nazo nzima, maana najua ukiulizwa hali unaanza na ya cherehani. Mimi sijambo. Safari ilikuwa ndefu, nimefika kiatu kimoja kimeachama mdomo, lakini nimefika.

Nimepewa chumba nyuma ya kanisa. Kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama tangi la maji. Mchungaji Kiongozi amenipokea vizuri. Ni mkali wa neno, na ameniambia mazishi na vijana vitakuwa mikononi mwangu kama msaidizi wake. Kanisa lenyewe ni safi mpaka unaogopa kukanyaga. Kuna mama mfagiaji anayeanza kazi kabla ya kengele. Alinikaribisha kwa kunipa ufunguo na onyo moja: nisipite penye maji.

Sasa Shangazi, nisikilize. Wewe ndiye uliyenilea tangu kaka yako, baba yangu, alipofariki. Umenisomesha kwa sindano. Nitakuwa mnafiki nikiwahubiria wageni waokoke huku aliyenilea anaelekea pabaya. Jehanamu ipo. Si hadithi ya kutishia watoto. Ni moto, ni milele, na hakuna rufaa. Una miaka sitini na tisa, nisamehe kwa kuitaja. Mlango wa wokovu bado uko wazi, ila hautabaki wazi siku zote. Okoka, Shangazi.

Ningekupigia simu, lakini simu na sikio lako haviivi chungu kimoja.

Mwanao katika Bwana,
Chiriku


19 Februari

Mheshimiwa sana Mchungaji Msaidizi Chiriku,

Marahaba, baba. Mimi mzima. Cherehani zote mbili nzima. Sikio la kushoto limekufa rasmi, la kulia lina siku zake. Jirani yetu Mama Redio anakusalimu, amefurahi sana kusikia barua yako imefika, nami nilikuwa sijamwambia mtu. Sare za shule zimejaa mpaka juu ya kabati, na kwaya ya kanisa la hapa mtaani wameniletea vitambaa vya majoho thelathini, rangi ya zambarau. Mwenyekiti wao akaniambia nishone kwa utukufu wa Mungu. Nikamwambia mimi nitashona kwa vipimo, utukufu wataongeza wenyewe.

Haya, tuje kwenye moto.

Ahsante kwa taarifa. Nimeisoma barua mara mbili, ya pili nikiwa karibu na dirisha maana niliona joto. Miaka sitini na tisa nipo hapa duniani. Nimezika kaka, nimelea mtoto aliyekuwa akila kama mchwa, na kila mwaka wiki ya mwisho ya likizo wazazi sitini wananisimamia kichwani kila mmoja akitaka sare ya mwanawe itangulie. Kumbe jehanamu bado iko mbele! Mimi nilidhani tumeshaipita.

Nina maswali machache ya kitaalamu. Huko watu wanavaa nini? Nauliza nisije nikabeba uzi wa nailoni, ule unayeyuka. Na majirani ni akina nani? Kwa sababu kama Mama Redio anakwenda mbinguni, kama anavyotutangazia kila asubuhi, basi mimi huko kwingine nitapata walau kimya.

Usininunie. Najua unanipenda, mtu hamwonyi asiyempenda. Lakini umekwenda kusomea habari njema miaka mitatu, na barua ya kwanza unayoniandikia ni habari mbaya. Ile njema mliisoma muhula gani?

Kula vizuri. Kiatu mpelekee fundi viatu, usijaribu mwenyewe, vidole vyako navijua.

Shangazi yako,
mwenye dhambi wa kudumu


12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kiatu kizima, na utani wako nimeupokea. Wasalimie majirani, hata kama wameshajisalimia.

Nina habari kubwa. Jumamosi iliyopita nilihubiri mazishi yangu ya kwanza. Marehemu alikuwa fundi wa kupaka rangi, mwanamume wa miaka thelathini na moja. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, ghorofa ya tatu ya jengo linalojengwa karibu na stendi. Alikuwa mlevi, na alijulikana kwa kulikejeli kanisa hadharani. Siku hiyo kanisa lilijaa mafundi wenzake, wengine bado wana rangi kwenye kucha, watu ambao hawajawahi kukanyaga pale. Mchungaji Kiongozi aliniambia, “Samaki wamejileta wenyewe kwenye wavu. Usiwabembeleze.”

Sikuwabembeleza. Nilihubiri jehanamu dakika arobaini bila karatasi. Nililionyesha jeneza kwa kidole, nikasema: huyu wiki iliyopita alikuwa akicheka, muulizeni leo kama anacheka. Watu kumi na wanne walikuja mbele kutubu, na saba kati yao ni mafundi. Mchungaji Kiongozi alinishika bega mbele ya wazee wa kanisa. Unaona, Shangazi? Onyo linaokoa. Ungekuwepo ungefurahi.

Mengine ni ya kawaida. Siku hizi asubuhi nafagia kanisa mwenyewe. Ni mazoezi mazuri ya mwili.

Mwanao,
Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Hongera. Kumi na wanne si mchezo, mimi mwezi mzima sijapata wateja kumi na wanne, na mimi sitishi mtu. Huku wote wazima. Duka nilifunga siku nne, cherehani kubwa ilikuwa kwa fundi. Majoho yamekwisha, wamekuja kuyachukua, na mwenye sauti ya kwanza amenenepa tangu nimpime. Nimemwachia nafasi mshononi, dhambi za namna hiyo nazijua.

Umesema ningekuwepo ningefurahi. Basi nikajaribu kuwepo. Nikafumba macho nikajiweka pale kanisani. Jeneza nikaliona. Wewe nikakuona, na kile kidole chako. Mafundi na kucha zao nikawaona. Halafu nikawatafuta wafiwa, sikuwaona. Barua nzima! Umenihesabia mpaka mafundi saba, lakini marehemu hana mama? Hana hata dada? Alizaliwa na jukwaa?

La pili. Yule mama mfagiaji yuko wapi hata ufagie wewe? Wewe, niliyekulea miaka kumi na saba ukiona fagio kama umeona nyoka? Mazoezi ya mwili! Hata uongo una vipimo vyake, mwanangu, na huu umekubana kwapani.

Nijibu.

Shangazi yako


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote hapa wazima.

Marehemu alikuwa na mama. Ndiye mfagiaji wetu. Anapumzika, ni kawaida kwa mfiwa. Siku ya mazishi alitoka nje kabla ibada haijaisha, jua lilikuwa kali na watu walibanana. Nadhani hilo linatosha.

Na mimi nina langu. Mwandiko wako wa barua iliyopita ulikuwa umelala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Na ile cherehani kubwa unaitengeneza mwenyewe tangu nikiwa darasa la pili, hukuwahi kumruhusu fundi hata aishike. Siku nne, Shangazi? Nani mwongo kati yetu?

Nakuombea.

Chiriku


28 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Najua umesubiri. Nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe tutaizungumza ikishajijua jina. Mama Redio anakusalimu. Mvua imeingia dukani, imelowesha kaptula kumi na mbili, wazazi wameshanihukumu bila kungoja siku ya mwisho.

Nitakuambia kitu ambacho baba yako alikijua na akafa nacho.

Kabla hujazaliwa, mimi nilikuwa muumini. Shika meza usianguke. Nilibatizwa, niliimba sauti ya pili, na nyimbo zote nilizijua bila kitabu. Nikazaa mtoto wa kike. Ubatizo wake ulipangwa Jumapili, yeye akaondoka Ijumaa. Aliishi siku tisa. Hakuwa na subira, ukoo wetu wote ndivyo tulivyo. Gauni la ubatizo nilikuwa nimeshalishona, nikamzika nalo.

Mzee wa kanisa alikataa azikwe upande wa waumini. Akazikwa nyuma ya ua, kwenye majani. Nikamwuliza yule mzee, mwanangu yuko wapi? Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, “Ambaye hakubatizwa, twajua aliko.” Kisha akaenda kunywa chai. Nilimwona akikipuliza kikombe ili asiungue.

Watu husema nilimwacha Mungu. Sikumwacha. Nilimwacha mzee wa kanisa, bahati mbaya walikuwa wanakaa nyumba moja.

Sasa nakuuliza mara moja tu, na usinijibu kwa jua kali. Mwanamke anayefagia uwanja haogopi jua. Yule mama alikuuliza kitu. Alikuuliza nini, na wewe ulimjibu nini?

Shangazi yako


5 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za kutanguliza.

Alikuja mpaka mbele. Nikadhani anakuja kutubu, na nikafurahi, Mungu anisamehe. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza ndoo imewekwa wapi: “Mchungaji, sema wazi. Mwanangu yuko wapi?” Alimwombea mwanawe miaka kumi na mmoja. Hilo nililijua, kila mtu kanisani anajua. Mchungaji Kiongozi alikuwa ananitazama. Nikasema, “Mama, aliyemkataa Mwokozi, twajua aliko.”

Maneno yaleyale, Shangazi. Nilipoyakuta kwenye barua yako nilitoka nje nikashika tangi la maji kwa mikono miwili. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na miwani ya kufuta.

Akachukua mkoba wake akatoka. Wale kumi na wanne walikuja mbele baada ya hapo. Sijui kama walimkimbilia Mungu au walinikimbia mimi. Wale mafundi saba sijawaona tena.

Siku tisa, Shangazi, na gauni. Nimekaa chumba kimoja na wewe miaka kumi na saba, ukanishonea kila kitu, na hukuwahi kusema. Nami nikakuandikia habari za moto.

Lakini siwezi kukudanganya. Bado naamini jehanamu ipo. Siwezi kuifuta eti kwa sababu nimeishika vibaya. Nifanye nini?

Chiriku


17 Juni

Chiriku,

Marahaba. Nimelia kidogo, si sana, nilikuwa na mteja.

Nani amekuambia uifute? Hata mimi naamini ipo. Kuna wateja wangu wawili watatu naombea sana iwepo. Lakini wewe ulitumwa uonyeshe mlango. Daftari la majina ya waliofungiwa nje ulipewa na nani?

Nenda kwa yule mama. Usiende na Mchungaji Kiongozi. Usiende na kitabu kwapani kama askari na rungu. Nenda na mikono yako.

Utaniuliza umwambie nini. Ukishajua la kumwambia, usiende bado.

Shangazi yako


2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa siku hizi nikisoma “mzima” kwenye barua zako naitazama mara mbili.

Nilikwenda Jumanne. Anakaa chumba kimoja karibu na kiwanda cha matofali. Nilimkuta nje anafua ovaroli la mwanawe. Lina rangi zote za nyumba alizowahi kupaka, na bila shaka ameshalifua mara nyingi.

“Karibu, Mchungaji,” akasema bila kuinua macho. “Umekuja kuongezea?”

“Nimekuja kusema sijui, mama.”

“Hujui nini?”

“Aliko. Nilisema najua. Sijui.”

Akaendelea kufua. Kisha akasema, “Sijui yako imechelewa miezi minne. Chukua hicho kigoda.”

Nikakaa. Akanieleza kwamba mwanawe hakufa papo hapo. Fundi mwenzake alishuka akamkuta chini, midomo inacheza. Lakini mashine ya kuchanganya zege ilikuwa inanguruma pembeni, hakusikia neno. “Mimi mwanangu namjua,” mama akasema. “Huenda alikuwa anatukana. Huenda alikuwa anaita. Yule mnyang'anyi aliyekufa kando ya Yesu naye aliwahi dakika za mwisho. Aliyemsikia wangu ni mmoja tu. Wewe ulikuwa wapi?”

“Sikuwepo, mama.”

“Basi hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia mahubiri yako.”

Akaniambia nishike upande mmoja wa ovaroli, tukalikamua, yeye huku, mimi kule. Nilipoaga hakuniambia amenisamehe. Aliniambia nakamua kama mtu mwenye njaa.

Jumapili nikasema mbele ya kanisa zima kwamba siku ile nilijibu swali lisilo langu. Nikasema kila mtu anahitaji kuokolewa, na aliyeuhitaji wokovu kuliko wote siku ile hakuwa kwenye jeneza, alikuwa nyuma ya mimbari. Mchungaji Kiongozi tangu hapo hajaniongelesha, isipokuwa kunikumbusha kufunga madirisha. Mama mfagiaji alikuja ibadani, akaitazama sakafu yangu, akatikisa kichwa. Kazini hajarudi.

Sasa zamu yako. Fundi wa cherehani ni nani?

Mwanao,
Chiriku


14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya vizuri. Sitasema zaidi, utavimba kichwa.

Fundi wa cherehani ni daktari wa upasuaji. Nina uvimbe shingoni. Nilidhani ni uzee umekosea njia, kumbe una jina refu la hospitali ambalo siwezi kuliandika. Zile siku nne walikuwa wananipima. Upasuaji ni tarehe sita Agosti. Wanasema naweza kutoka bila sauti, au nisitoke. Mama Redio amekwisha niombea mara tatu kwa sauti, sikio langu bovu limekuwa baraka.

Naogopa, Chiriku. Na huo moto wako siuogopi hata kidogo, kwa hiyo usianze. Naogopa kwenda kugundua kwamba nimemnunia Mungu miaka arobaini na mitano kwa maneno ambayo hakuyasema yeye.

Njoo. Mahubiri yaache kwenye begi.

Shangazi yako


8 Septemba

Chiriku,

Marahaba, baba. Habari za kurudi kazini? Natumaini Mchungaji Kiongozi ameanza walau kukuitikia salamu. Mimi mzima, na safari hii ni mzima wa kweli, unaweza kuisoma mara moja. Kidonda kimefunga. Daktari alinishona vizuri, ingawa mimi ningetumia mishono midogo zaidi, na nilimwandikia hivyo kwenye karatasi. Sauti bado. Ninachotoa ni upepo. Mama Redio sasa anaongea zamu yake na yangu, na hajawahi kuwa na furaha namna hii.

Nimekuwa nikiikumbuka ile siku uliponipeleka nyuma ya ua wa kanisa la zamani. Nilidhani hutaliona kaburi, majani yalikuwa yamefika kiunoni. Nilikuandikia kwenye karatasi swali lile lile, mwanangu yuko wapi. Nilitaka nikuone utafanyaje, ubaya wangu unaujua. Ukaisoma karatasi, ukaikunja, ukaanza kulia kama mtoto, huku fyekeo halijasimama. Miaka yote nimengoja jibu, mwanangu. Sikujua kwamba nilichotaka ni mtu wa kufyeka.

Haya, sasa usije ukaitangaza hii. Jumapili nilikwenda kanisani, hapa mtaani, kwa ile kwaya ya zambarau. Nilichagua benchi la mwisho karibu na mlango, kama abiria asiye na tiketi. Majoho yalipendeza kuliko nyimbo. Mhubiri ni kijana, anapiga kelele kama spika mbovu, na alihubiri jehanamu, bila shaka, nilidhani umemwandikia wewe. Lakini katikati akasema kwamba Yesu alipouona ule mji uliokuwa unaangamia, alianza kwa kulia ndipo akauonya. Nikafikiri, haya, huyu naye huenda amewahi kukutana na mfagiaji.

Mwisho akasema anayetaka kuokoka asimame. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kwa lile benchi, nikasimama niunyooshe. Kanisa zima likalipuka kwa makofi. Mama Redio akapiga vigelegele kutoka safu ya kwanza, sijui aliniona kwa jicho gani. Nilitaka niwaeleze kwamba ni mguu tu, lakini sauti ndiyo hiyo sina.

Ganzi iliisha mapema, Chiriku. Kabla hata makofi hayajaisha. Ningeweza kukaa.

Sikukaa.

Shangazi yako